Kurusha mafaili bila waya: njia ninayoitegemea steshenari

Steshenari yangu iko jirani na stendi ya Mkanaledi, Mtwara mjini. Kutwa nzima watu wanaleta simu, wakitaka kilichomo kitoke kwenye karatasi. Mwanachuo ana ripoti ya mafunzo kwa vitendo, karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ana picha za stakabadhi za korosho, mama ana picha ya mwanawe ya pasipoti. Karibu wote huanza hivi: "Dada, nipe namba yako nikurushie WhatsApp." Nawaomba wasubiri kidogo.

Simu na kompyuta ziko meza moja. Kulipitisha faili WhatsApp ni kama kumpa kondakta wa basi la Dar barua ya jirani yako. Bando linaliwa mara mbili, la anayetuma na la anayepokea. Mei 2024, barabara ya Dar ilikatika upande wa Kilwa baada ya kimbunga Hidaya, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zikapata hitilafu. Aliyezoea WhatsApp tu alikwama, hata kama kompyuta ilikuwa mbele yake.

Kubwa zaidi ni picha. WhatsApp huibana picha kabla ya kuituma. Kwenye simu huoni tofauti, lakini ikuze kwenye skrini ya kompyuta: nywele zimeungana na ukuta wa nyuma, na pembe za macho zina vimraba vidogo. Picha ya pasipoti ya namna hiyo siichapi. Ikiwa huna njia nyingine, itume kama dokumenti. Hapo inafika kama ilivyo, na dokumenti inaweza kufika GB 2.

Bluetooth haihitaji bando wala kupakua kitu. Kwenye kompyuta ya Windows fungua kwanza sehemu ya kupokea faili kwa Bluetooth, ndipo mwenye simu atume. Usipoifungua, simu itasema imeshindikana. Kwa barua ya kurasa mbili inatosha. Kwa video haifai: inakwenda takriban robo ya MB kwa sekunde, kwa hiyo GB 1 inapita saa nzima. Na iPhone haitumi mafaili kwa Bluetooth kwenda Windows.

Ninachokitumia mimi ni hotspoti, yaani Wi-Fi inayotolewa na simu yenyewe, pamoja na LocalSend. LocalSend ni programu ya bure ya kurusha mafaili, haina matangazo, na ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Ukishaipakua mara moja kila upande, huhitaji intaneti tena.

Anza kwa kuzima data ya simu, kisha washa hotspoti. Usiiruke hatua hii. Kompyuta ikijiunga na hotspoti yenye data, Windows inaweza kuanza kuvuta masasisho yake kimyakimya, na bando la wiki likaisha ukiwa umesimama hapo. Simu nyingi za Android zinakubali hotspoti bila data. iPhone haikubali, kwa hiyo mteja wa iPhone namuunga kwenye hotspoti ya simu yangu ya Android, na kompyuta nayo naiunga humo humo.

Unganisha kompyuta. Ikiuliza mtandao huu ni wa umma au wa binafsi, chagua binafsi. Ukichagua wa umma, kompyuta inajificha na simu haitaiona. Hapa ndipo watu wengi wanaponiita. Sasa fungua LocalSend pande zote mbili. Kila kifaa kinajipa jina, mara nyingi la tunda. Soma jina lililo kwenye skrini ya kompyuta, liguse hilo hilo kwenye simu, chagua faili, kisha kubali upande wa pili. Wateja wakiwa wengi usibahatishe jina, maana cheti cha mtu kinaweza kuingia kwenye simu ya mwingine.

Kasi inategemea simu. Yenye Wi-Fi ya GHz 5 inamaliza GB 1 kwa dakika moja au mbili mkiwa karibu. Ya GHz 2.4 inachukua zaidi, lakini ukuta haiuogopi sana.

Android kwa Android, Quick Share imo tayari ndani ya simu, na Google wanayo programu yake ya Windows pia. Apple kwa Apple, tumia AirDrop, huna haja ya kingine. Xender na SHAREit, nazo programu za kurushiana mafaili, watu bado wanazipenda. India ilizipiga marufuku zote mbili Juni 2020, na mimi nyaraka za wateja sizipitishi huko.

Jambo la mwisho ni lako wewe unayekwenda steshenari yoyote. Ukiisha kuchapa, simama hapo hapo faili lako lifutwe kwenye kompyuta, na kwenye pipa la taka pia. Kama ulifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ile, ingia kwenye simu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uikate mwenyewe kabla hujatoka mlangoni.