Andika kiini kwanza, salamu baadaye

Ukipewa dakika 7 za kuzungumza kwenye mahafali au harusi, usianze kuandika na "Mheshimiwa mgeni rasmi". Anza na sentensi moja: wakitoka hapa, wakumbuke nini? Ikikushinda kuiandika kwa maneno yasiyozidi 15, bado huna hotuba, una mada tu.

Chini yake weka hoja 2, zikizidi sana 3. Kila hoja ipate mfano mmoja wa kushikika: mahali, bei, tukio ambalo wasikilizaji wenyewe wanalijua. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hurundika hoja 6 kavu, na ukumbi unahamia kwenye simu. Kufungua kuchukue dakika 1, hoja zote dakika 5, kufunga dakika 1.

Sentensi ya kufunga iandike neno kwa neno na uikariri, kwa sababu ndiyo huponyoka mshereheshaji anapoanza kukuonyesha saa. Hoja ziandike kwa maneno makuu tu, kadi moja kwa kila hoja, herufi kubwa. Hotuba iliyoandikwa yote hukuinamisha kichwa, ukabaki unasomea karatasi.

Sasa ndiyo salamu. Orodha ya vyeo humeza dakika 2 bila wewe kujua. Mtaje mgeni rasmi na wenyeji, kisha "itifaki imezingatiwa" inatosha. Soma yote kwa sauti ukiwa na saa. Ikifika dakika 7 kamili nyumbani, ondoa mfano mmoja, maana makofi na vigelegele navyo vinakula muda.