Hedifoni ya bei au spika? Tazama chumba kwanza

Kwa pesa ile ile, hedifoni nzuri inatoa sauti safi kuliko spika, na sababu kubwa ni chumba. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, dari ya juu na sakafu ngumu; sauti ya spika inagonga na kurudi, maneno ya filamu yanavurugika. Hedifoni haina habari na ukuta. Kwa taarabu, utasikia kila uzi wa kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) unavyodonolewa.

Filamu ni jambo jengine. Besi (sauti nzito ya chini) ya hedifoni haifiki kifuani, na sauti inakaa kichwani badala ya kutoka mbele kwenye skrini. Tena watoto nao wanataka kusikia!

Ukichagua spika, tandika zulia zito (mkeka ni mwembamba, hausaidii sana), tundika mapazia, na spika zitoe kwenye pembe za chumba maana pembe huvimbisha besi. Umbali baina ya spika mbili uwe sawa na umbali wa kila moja hadi unapokaa.

Wa fleti za Michenzani, usiku hedifoni itakuepusha na ugomvi wa jirani. Ila zile za mgongo wazi (zenye matundu upande wa nje) zinavuja sauti, aliyelala ubavuni mwako ataisikia filamu nzima. Na nyengine, kama Sennheiser HD 600 yenye ohm 300 (kipimo cha ukinzani wa umeme), simu huiendesha kwa unyonge, kwa hiyo tenga na pesa ya amplifaya ndogo.