Kuuza boti ya matanga ya kuvutwa na trela, ukishaifanyia ukarabati

Jamani kama boti yako ya tanga umeitengeneza sawasawa usiitangaze mwezi wa Juni, upepo wa kusi unavuma bahari imechafuka nani atatoka kuijaribu, subiri upepo wa kaskazi, Disemba mpaka Machi hivi, maji yametulia na watu wa boti wamejaa Mtwapa na Kilifi, pwani ya Kenya.

Anza na trela, watu wengi wanaisahau kabisa. Mnunuzi wa Naivasha au Kisumu, kule kwenye maziwa ya bara, anataka kuondoka nayo barabarani siku hiyo hiyo, na trela inayozamishwa kwenye maji ya chumvi beringi zinakufa haraka na breki zinashika kutu, kwa hivyo weka beringi mpya, grisi ya kutosha, taa ziwake zote, na logbuku ya trela, yaani hati ya umiliki, iwe kwa jina lako, bila hiyo mtabishana tu.

Picha piga asubuhi jua halijawa kali. Ndani pia, ngama, pale chini maji yanapokusanyika, ikiwa kavu, na pale ulipoziba faiba ya boti onyesha kabla na baada, usifiche kiraka mana mnunuzi akikigonga kwa vidole atasikia sauti imebadilika. Tandaza matanga yote. Risiti za kamba na rangi weka faili moja na karatasi za usajili wa boti.

Bei sasa. Usijumlishe kila shilingi ya ukarabati, haitarudi yote, likubali hilo mapema. Mnunuzi akija na fundi wake mpe nafasi, simamisha mlingoti mbele yao, mshushe boti Tudor, ule mkono wa bahari wa Mombasa, mkatweke tanga kidogo. Pesa iingie benki kwanza ndio usaini karatasi za mauziano.