Kuruka chini: tafuta alama yako ufukweni maji yakitoka

Vijana wengi wa skuli wana miguu ya kuruka. Sentimita zao hupotea kabla hawajaruka, pale wanapojinyoosha au kubana hatua ili waupate ubao wa kurukia. Dawa ni alama ya kuanzia, na pa kuitafutia ni ufukweni: mchanga mbichi huandika kila hatua, uwanjani huoni kitu.

1. Ngoja maji yatoke. Jambiani au Paje, Unguja, siku za bamvua nafasi ni tele, ila angalia vigingi vya mwani. Chagua ukanda mgumu, tambarare, ukimbie sambamba na bahari.

2. Chora mistari miwili iliyoachana sentimita 20. Huo ndio upana wa ubao. Mita 2 mbele yake chimbua mchanga kwa jembe mpaka ulainike. Maji yakijaa yatalifukia shimo, kwa hiyo jembe lisikae mbali.

3. Mguu wa kurukia ni ule unaokupeleka mbali zaidi. Jaribu yote miwili.

4. Uweke mguu huo kwenye ubao, lipe shimo mgongo, kimbia hatua 12 kwa kasi yako ya kweli. Hatua ya 12 itaangukia mguu uleule. Mwenzio aweke kifuu hapo. Rudia mara kadhaa. Vifuu vitatawanyika, wewe chukua pale vilipokusanyika, ndiyo alama yako. Pima kwa nyayo, uandike.

5. Sasa geuka. Mguu wa kurukia juu ya alama, hatua ya kwanza itoke kwa mguu mwingine. Macho mbele, anayeuchungulia ubao hupunguza mwendo. Ukishatua, usikimbilie kupima, rudi usome nyayo. Hatua ya kabla ya mwisho iwe ndefu kidogo, ya mwisho fupi, wayo umekanyaga wote. Kisigino kikizama peke yake, ulijinyoosha: sogeza alama karibu na ubao. Hatua zikibanana au ukiupita ubao, irudishe nyuma. Hapa ndipo penye kazi, kaeni hapa wiki nzima kama lazima.

6. Kutua: visigino kwanza, magoti yakunjike, kiuno kipite mbele.

MASWALI

Kocha, alama hii itanifaa uwanja wa Amaan?
Itakuwa karibu mno. Njia ya uwanjani inarudisha nguvu, hatua hurefuka. Irudishe nyuma, ujaribu kabla ya mashindano.

Kidole kikivuka mstari wa ubao ulio upande wa shimo, kidogo tu?
Mruko umebatilika. Tangu Novemba 2021 kinachotazamwa ni mguu kuvuka mstari unaporuka, hata usipoacha alama ya mguu. Lakini usiogope ukarukia nyuma sana, maana kipimo huanzia kwenye mstari. Mike Powell aliivunja rekodi ya dunia ya Bob Beamon huko Tokyo mwaka 1991 kwa mita 8.95 dhidi ya 8.90. Sentimita 5 tu, robo ya ubao.

Mimi ni mwalimu, Chake Chake. Wasichana wangu wanaruka na hijabu ndefu na suruali pana. Zinawapunguzia?
Maalim, zinaweza. Hupimwa alama ya mchangani iliyo karibu zaidi na ubao, iwe ya mkono au ya nguo iliyo mwilini. Ncha ya hijabu waichomeke ndani ya fulana, suruali iwe na mpira kwenye vifundo.