Kilwa Kisiwani kwa siku moja
Wanaotaka kwenda Kilwa Kisiwani, kile kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, na kurudi siku hiyohiyo, laleni Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo upande wa bara, asubuhi mapema pitieni kwanza ofisi ya vibali mkate kibali cha kutembelea magofu ndo mtafute boti. Bebeni keshi yenye chenji, kofia, maji ya kunywa lita mbili kila mtu, na ndala maana wakati wa kushuka unaweza kukanyaga maji, simu itie kwenye mfuko wa nailoni uufunge vizuri. Halafu jamani msiishie Gereza (ile ngome ya zamani) na Msikiti Mkuu tu, Husuni Kubwa (magofu ya kasri la sultani) ipo mbali kidogo kwa mguu lakini lile bwawa la pembe nane lazima mlione, na jua la saa sita kule ni kali mno so anzeni na huko kabisa.