Tengeneza msimbo wa QR ndani ya kompyuta yako mwenyewe

Kabla ya kuchapisha msimbo wa QR kwenye kadi au bango, uelekezee kamera ya simu na usome anwani inayojitokeza bila kuifungua: ikiwa si ile uliyoiandika, basi tovuti uliyoitumia kuutengeneza imepachika anwani yake katikati, nayo inaweza kumhesabu kila anayeipitia na hata kuukatiza msimbo siku yoyote. Kadi za harusi ya binamu yangu zilipatwa na hayo, wageni waliotafuta ramani ya ukumbi wakakuta tangazo la kulipia huduma. Msimbo wa kawaida hubeba maandishi yenyewe ndani ya miraba yake, kwa hiyo hauishi muda wala hauhitaji mtu wa kati. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, tangu toleo la 6.4, huutengeneza bila intaneti kupitia menyu ya kuingiza vitu. Inkscape, programu ya kuchora ambayo pia ni ya bure, huuhifadhi kama SVG (picha ya mistari badala ya nukta), nao haupotezi ukali hata ukikuzwa. Kwenye Linux, amri ya qrencode inatosha. Ukiubandika penye vumbi, chagua kiwango cha H cha kusahihisha makosa, ambacho huvumilia takriban asilimia 30 ya msimbo kuharibika.