Kuijua prosesa ya kompyuta kwa amri ya lscpu

Stika ya "Core i5" kwenye laptopu ya mtumba haikwambii mengi. i5-6300U ina viini (kore) 2, i5-8250U ina viini 4, na zote mbili ni i5. Ukiwa na Linux, amri moja inamaliza ubishi:

```
lscpu
```

Herufi ya kwanza ni L ndogo, si I. Wapo wanaoandika `iscpu`, wakajibiwa kwamba amri haipo, wakaanza kutafuta cha kusakinisha. Amri hii imo ndani ya kifurushi cha util-linux, kwa hiyo Ubuntu, Debian na Fedora huja nayo, na haihitaji sudo, yaani ruhusa ya msimamizi. Kwenye Alpine, andika kwanza `apk add util-linux`. Mashine ya dukani ikiwa na Windows, iwashe kwa flashi yenye Ubuntu, chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha fungua terminali. Diski haiguswi, na muuzaji hana sababu ya kukataa.

Hii ni sehemu ya majibu ya i5-6300U:

```
Architecture:          x86_64
CPU(s):                4
Model name:            Intel(R) Core(TM) i5-6300U CPU @ 2.40GHz
Thread(s) per core:    2
Core(s) per socket:    2
Socket(s):             1
CPU max MHz:           3000.0000
CPU min MHz:           400.0000
Virtualization:        VT-x
L3:                    3 MiB (1 instance)
```

Anza na `Model name`, kwa sababu ndiyo inayoumbua stika. Kisha angalia mstari unaopotosha wengi kuliko yote: `CPU(s): 4`. Hiyo nne si idadi ya viini. Ni idadi ya nyuzi, yaani sehemu ambazo keneli, kitovu cha mfumo wa Linux, inaweza kupangia kazi. Hesabu yake ni nyuzi kwa kila kiini, mara viini kwa kila soketi (tundu la prosesa kwenye ubao mama), mara soketi: 2 × 2 × 1. Viini halisi ni 2. Muuzaji anayesema "hii ina kore nne" huenda hadanganyi kwa makusudi. Amesoma mstari usio wenyewe.

Hesabu hiyo inagoma kwenye prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha 12 zenye viini vya aina mbili. i7-12700 ina viini 8 vikubwa vyenye nyuzi mbili mbili, na vidogo 4 vyenye uzi mmoja mmoja. Jumla ni nyuzi 20, lakini ukizidisha mistari ya lscpu unapata 24. Prosesa haina ubovu wowote. Ni kwamba mstari mmoja hauwezi kueleza viini visivyolingana. Hapo tumia jedwali:

```
lscpu -e=CPU,CORE,ONLINE,MAXMHZ
```

Usiache nafasi baada ya `=` wala baada ya mkato, la sivyo amri itakataa. Kwenye 6300U yetu linatoka hivi:

```
CPU CORE ONLINE    MAXMHZ
  0    0    yes 3000.0000
  1    1    yes 3000.0000
  2    0    yes 3000.0000
  3    1    yes 3000.0000
```

Tazama safu ya CORE: CPU 0 na CPU 2 zinakaa kwenye kiini kimoja. Ukizifungia kazi mbili nzito kwenye CPU hizo kwa `taskset -c 0,2`, zitagombania kiini hicho huku kingine kikikaa bure; badala yake tumia `0,1`. Usikariri mpangilio huu, maana mashine nyingine huweka nyuzi ndugu zikifuatana, 0 na 1. Ukiona `no` kwenye ONLINE, kuna mtu au mpangilio uliozima uzi huo.

Kuhusu kasi, `CPU max MHz` ni kikomo, si kasi ya sasa hivi. Ya sasa hivi hupanda na kushuka, ifuatilie hivi:

```
watch -n 1 "grep MHz /proc/cpuinfo"
```

Mashine ikibanwa na kazi nzito, na namba zikang'ang'ania karibu na 400, shuku joto, vumbi kwenye feni, au chaja isiyo yake. Mstari wa BogoMIPS kwenye majibu ya lscpu upuuze kabisa. Ni hesabu ya ndani ya keneli, haifai kulinganishia prosesa.

Kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa (mistari ya L1, L2 na L3), nayo ina mtego wake. Ubuntu 18.04 iliandika L2 ya kiini kimoja, 256K; Ubuntu 22.04 huandika jumla ya viini vyote pamoja na idadi ya vipande, kwa mfano `512 KiB (2 instances)`. Prosesa ni ileile.

Mstari mrefu wa `Flags`, unaoorodhesha uwezo wa prosesa, ndio unaojibu swali la "kwa nini programu hii inakufa ikiwashwa". Hifadhidata ya MongoDB kuanzia 5.0 kwenye x86_64 inahitaji AVX, seti ya maagizo ya ziada ya prosesa. Isipokuwepo unapata `Illegal instruction`, na kusakinisha upya mara kumi hakusaidii. Uliza moja kwa moja:

```
lscpu | grep -ow avx
```

Kimya maana yake haimo. Kwa mashine pepe, tafuta humo humo `vmx` ya Intel au `svm` ya AMD, kisha hakikisha kwa `ls /dev/kvm`. Prosesa ikiwa inao uwezo huo lakini faili halipo, mara nyingi umezimwa kwenye BIOS.

Kwenye seva ya kukodi, tafuta `Hypervisor vendor`. Ukiukuta, unachosoma ni kile mwenye seva alichoamua kukuonyesha: soketi 2 zenye kiini 1 kila moja huenda ni nyuzi mbili tu za prosesa kubwa inayotumiwa na wengi. Ndani ya kontena la Docker ni kinyume chake: lscpu huonyesha prosesa zote za mashine mama hata kama umewekewa mipaka. Amri ya `nproc`, inayohesabu nyuzi unazoruhusiwa kutumia, huheshimu mpaka wa `--cpuset-cpus`, lakini matoleo yake ya zamani hayaoni wa `--cpus`.

Ukiandika skripti, usichambue majibu ya kawaida. Mfumo uliowekwa Kifaransa, kama ilivyo kwa wengi Kongo na Burundi, unaweza kutafsiri majina ya mistari, na `grep "Model name"` ikarudi mikono mitupu. Tanguliza `LC_ALL=C`, inayorudisha Kiingereza, au tumia `lscpu -p`, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Idadi ya viini halisi, hata kwa zile prosesa za aina mbili, hupatikana hivi:

```
lscpu -p=CORE,SOCKET | grep -v '^#' | sort -u | wc -l
```

`grep` hapo inaondoa maelezo yanayoanza na `#`, na `sort -u` inaunganisha nyuzi zinazokaa kiini kimoja. 6300U itajibu 2, na i7-12700 itajibu 12.